Nguzo ya Bwanaheri

Siku nguzo ya Bwanaheri ilipopigiwa makofi na kijiji kizima, mtu mmoja tu alirudi nyumbani bila hamu ya kula, naye alikuwa mkewe, Mwanamina.

Makofi yenyewe yalistahili. Mafuriko ya mwaka juzi yalikuwa yamelichukua daraja la magogo la mto Kingwiru pamoja na nyumba za bondeni, na sasa lilikuwa linajengwa daraja jipya la zege. Ng'ambo ya mto, kwenye kiwanda cha korosho kilichokuwa gofu kwa zaidi ya miaka thelathini, matingatinga yalikuwa yakisafisha ardhi ili waliopoteza nyumba wapewe viwanja. Yote mawili yalisubiri jibu la swali moja. Injinia Hemedy, kijana mpole mwenye kofia ya plastiki iliyomzidi kichwa, aliwauliza wanakijiji swali hilo kwenye mkutano: maji yalipanda hadi wapi?

"Kiunoni," alijibu mzee mmoja mfupi.

"Kiunoni kwa nani?" akadakia jirani yake mrefu. "Kiuno chako wewe mie ni goti."

Watu wakacheka, kisha wakaanza kugombana. Huyu alisema kifuani, yule alisema lilibaki paa tu. Wengi walikuwa wamepanda juu ya miti, na mtu aliye juu ya mti hapimi maji, anasoma dua. Injinia aliandika vipimo vyote, akavitazama, akafunga daftari. Hapo ndipo Bwanaheri aliposimama, akajikohoza kama mtu anayetaka kuposa.

"Injinia, mie nina nguzo."

Alikuwa nayo kweli. Wakulima wa bonde lile hulala shambani juu ya dungu, kibanda cha miguu mirefu, kipindi cha kulinda mpunga. Kando ya ngazi ya dungu la Bwanaheri ilisimama nguzo nene ya mti wa mkongo aliyoisimika marehemu baba yake. Kila mafuriko makubwa yalipofika kilele, mwenye shamba aliifuata kwa mtumbwi na kuikata kwa panga pale maji yalipogusa. Mwaka juzi dungu lilikwenda na maji, nguzo ikabaki. Mkato wa juu kabisa aliukata Bwanaheri mwenyewe, mchana kweupe, mkono mmoja kwenye panga na mwingine umekumbatia nguzo.

Basi msafara mzima ukashuka shambani. Injinia akasimamisha chombo chake cha miguu mitatu, msaidizi wake akashika rula ndefu, na mkato ukapakwa rangi nyekundu. Bwanaheri hakuweza kujizuia. Alinyoosha mkono juu, akaugusa mkato ule, akawageukia watu huku meno yote yako nje.

"Tazameni! Maji yalipokauka mwaka juzi sikuweza kuufikia huu hata kwa kuruka. Leo naushika nimesimama. Furaha ya kiwanja imenirefusha!"

Kijiji kikaangua kicheko. Mshamu, mwenyekiti wa kijiji, akaongoza makofi. Mwanamina alikuwa amesimama nyuma na beseni lake kichwani, na aliposikia maneno yale alilishusha beseni chini.

Bwanaheri hakuwa amerefuka. Nguzo ndiyo ilikuwa imefupika, na aliyeifupisha alikuwa yeye Mwanamina.

*

Walikuwa wakiishi kitongoji cha Mtawanya, uani kwa Habiba, dada yake Bwanaheri, kwenye kibanda cha turubai na fito. Habiba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuwa mwema. Mwezi wa kwanza aliwaita ndugu zangu, mwezi wa sita akawaita wageni wetu, na sasa, mwaka wa pili, alikuwa akimwambia kila apitaye, "Hao wa turubai wameamka, waulize wao." Kopo la sukari lilikuwa limehamia chumbani kwake. Ndoo za maji zilichorwa alama.

Siku ile, kwa mara ya kwanza, alimwandalia kaka yake chai ya maziwa.

"Nasikia umewapa serikali kipimo," alisema.

"Si mie, ni nguzo ya baba." Bwanaheri alikaa juu ya mkeka akieleza kwa mikono. Kutoka kwenye ule mkato injinia angejua kimo cha daraja. Kutoka hapo hapo wangepiga mstari kwenye ardhi ya kiwanda, na chini ya mstari ule mtu haruhusiwi kujenga. Kiwanja walichokuwa wameshagawiwa, namba saba, kilikuwa safu ya chini, na kingekaa juu kidogo tu ya mstari, karibu kabisa na daraja. "Mbele kwenye barabara Mama Warda atauza vitumbua. Chumba cha uani cha Warda na mwanawe. Mwezi wa tisa tunahama, Habiba. Tutakuondolea turubai lako."

"Mie nimesema mhame?" Habiba alijibu, lakini uso wake uling'aa.

Mwanamina alikuwa jikoni, amekalia gogo lake. Warda, binti yao, alikuwa akimpakata mwanawe wa miezi miwili aliyezaliwa mle mle kwenye turubai, mvua ikivuja. Mwanamina alimtazama mtoto, akatazama gogo alilokalia, akainuka na kusema anakwenda kwa Gharibu mara moja.

Gharibu alikuwa mdogo wake, fundi wa baiskeli. Alimkuta ameinamia gurudumu.

"Umesikia mambo ya nguzo?"

"Nimesikia. Shemeji amekuwa mheshimiwa."

"Gharibu, ile nguzo tuliikata."

Gharibu aliacha kupiga pampu.

Mwaka uliopita Bwanaheri alikuwa visiwani huko delta, kwenye kazi ya kukata boriti za mikoko, miezi saba. Kabla hajaondoka alimwachia mkewe kopo la oili chafu na neno moja: shina la nguzo lipakwe kabla ya vuli, mchwa wasije wakaingia. Mwanamina aliliweka kopo lile. Halafu siku moja Habiba alisema, mbele za watu, kwamba nguzo za choo chake zinaliwa na mchwa na hakuna hata mmoja wa hao wanaokitumia anayejali. Mwanamina akampa oili yote. Mchwa wakazihama nguzo za choo, wakaenda kuila nguzo ya mkwewe. Alipoikuta imelala upande alimwita Gharibu, wakaing'oa, wakakata shina lililoharibika, wakaichimbia tena kina kile kile. Bwanaheri aliporudi aliiona imesimama, akaisifu. Mwanamina akanyamaza. Kitu gani tena, nguzo tu ya shamba?

"Tulikata kiasi gani?" aliuliza Gharibu, ingawa alikuwa anajua.

Mwanamina alinyoosha mkono wake, akauonyesha kutoka ncha za vidole hadi begani.

"Dada, hebu nisikilize. Nami nina kiwanja namba tano, safu ile ile. Kaya nane zimepangiwa pale. Ukisema, mstari unapanda na sisi wote tunabaki hatuna kitu. Na yule injinia kasoma, hawezi kuamini ubao mmoja. Bila shaka ameongeza cha juu."

"Kiasi gani?"

"Mie nitajuaje?"

"Basi tunyamaze kwa kitu tusichokijua?"

"Tunyamaze," alisema Gharibu, akarudia pampu yake.

*

Wanawake kadhaa walikuwa wamepata kibarua kwenye ardhi ya kiwanda, na Mwanamina alikuwa mmoja wao. Kazi ilikuwa kukwangua udongo mweusi. Mafuta ya maganda ya korosho yalikuwa yamemwagika pale miaka na miaka, na udongo uliolowa mafuta yale unababua ngozi, kwa hiyo walipewa glavu ndefu na mabuti, wakaukusanya kwenye viroba ukapelekwe kufukiwa mbali. Mama yake Mwanamina alibangua korosho mle ndani enzi hizo bila glavu yoyote. Hadi anakufa viganja vyake vilikuwa na madoa, na alikuwa akiona haya kuwapa watu mkono. Mwanamina aliwaza kwamba ardhi iliyowaunguza mama zao sasa inaoshwa ili watoto wao walale juu yake, na moyo wake ulijaa shukrani hata akashindwa kuimba na wenzake.

Saa ya kupumzika alikwenda kwenye kiwanja namba saba. Vigingi vinne, kamba ya manjano, nyasi zilizokwisha kufyekwa. Injinia Hemedy alikuwa akipita na karatasi zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikuulize kitu cha kijinga?"

"Hakuna cha kijinga, mama."

"Huu mstari wenu. Umekaa pale pale kwenye mkato, au mmeongeza?"

Injinia alitabasamu, akapenda kuulizwa. "Tumeongeza shibiri moja ya tahadhari. Tungekuwa na mashaka na kipimo tungeongeza zaidi, lakini kwa nguzo ya mzee Bwanaheri hatuna mashaka. Ni bahati kubwa, mama. Huku vijijini hatupati kitu kama hicho."

Injinia alipoondoka, Mwanamina alichuchumaa kwenye kona ambayo Bwanaheri alikuwa ameichagua kuwa chumba cha Warda. Aliusimamisha mkono wake chini, ncha za vidole zikigusa udongo, akaweka alama begani kwa kidole. Kisha akapunguza shibiri moja. Kilichobaki kilikuwa kimo cha kitanda. Si juu ya kitanda, si chini yake. Kitanda hasa, mahali ambapo mtoto analazwa.

Alikaa pale mpaka wenzake walipomwita. Alitaka kiwanja kile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alitaka kufunga mlango wake mwenyewe, na kutia sukari kwenye chai bila kutazamwa. Alilia kidogo, akajifuta kwa ukingo wa khanga kwa sababu glavu zilikuwa na mafuta, akarudi kazini.

*

Alimwambia mumewe alfajiri, baada ya swala, wakiwa bado kwenye mswala.

"Baba Warda, lile gogo ninalokalia jikoni."

"Lina nini?"

"Ni mguu wa nguzo ya baba."

Alimweleza yote, oili na choo na mchwa na msumeno wa Gharibu. Bwanaheri alichukua muda mrefu kukunja mswala wake, akaukunjua, akaukunja tena.

"Kwa hiyo mie sikurefuka," alisema hatimaye.

"Hukurefuka, mume wangu."

"Na watu wote wale walinipigia makofi." Aliuweka mswala mapajani. "Unajua tangu tufike hapa uani hakuna aliyenipigia makofi? Hata salamu naitikiwa nusu. Siku moja tu, Mwanamina. Siku moja."

"Najua. Nisamehe."

"Oili nilikuachia."

"Uliniachia. Nikaitoa ili tusisemwe."

Bwanaheri alisemwa yeye pia, kila siku, na kama angekuwapo huenda angeitoa mwenyewe. Akatoka nje, akaenda jikoni, akalinyanyua gogo na kuligeuza. Upande mmoja ulikuwa umeliwa mpaka umekuwa kama sega la nyuki. Upande wa pili, uliokatwa kwa msumeno, ulikuwa mzima na mwekundu. Miezi yote aliyokuwa akipewa chai hapo hakuwahi kuuliza mkewe amekalia nini.

"Nitakwenda kusema peke yangu," alisema Mwanamina nyuma yake. "Kosa ni langu."

"Nguzo ni ya baba yangu." Bwanaheri alilitia gogo begani. "Vaa viatu, twende."

Habiba alisimama mlangoni na kopo la maji mkononi. Alikuwa amesikia. Alikitazama choo chake, akamtazama wifi yake, akawapisha njia.

*

Ofisi ya injinia ilikuwa kontena la bati. Aliwakaribisha viti, wakakataa, maana aibu haikai. Bwanaheri aliliweka gogo sakafuni, na Mwanamina akasema. Alisema kwa kifupi, bila kujitetea, na alipofika kwenye choo injinia hakucheka. Alichukua futi yake, akalipima gogo mara tatu.

"Sentimita sabini na moja." Aliketi. "Mama, zege la nguzo za daraja linamwagwa Jumatatu. Leo ni Alhamisi."

"Tunaomba radhi, mwanangu."

"Radhi?" Alivua kofia yake, akaonekana mdogo zaidi. "Daraja hili lingeitwa langu. Maji yangepita juu yake, na ningeishi na hilo maisha yangu yote. Mimi ndiye wa kukushukuru." Akainuka, akampa mkono kwa mikono miwili. Mwanamina aliupokea huku akimkumbuka mama yake na viganja vyake.

Mchana huo walikwenda shambani wakalishikiza gogo chini ya nguzo iliyong'olewa, wakaisimamisha tena kwenye shimo lake. Mistari ya mti ikakutana sawasawa, na mkato wa juu ukarudi kule ambako Bwanaheri hakuweza kuufikia hata kwa kuruka. Alijaribu. Hakuna aliyecheka.

Mkutano wa Ijumaa baada ya swala ulikuwa mchungu. Mstari ulipanda, safu yote ya chini ikafutwa, kaya nane. Mtu mmoja wa kiwanja namba sita, Swalehe, alimnyooshea Mwanamina kidole.

"Umeficha mwaka mzima. Ungeshindwa nini kuficha daima? Umetuua, mama wee!"

"Nyumba yenyewe wewe hujaijenga, umeuawa wapi?" Mshamu alimkemea, lakini hata yeye alikuwa amenuna. Mwanamina alisimama na kuinamisha kichwa, akayapokea yote. Ndipo Gharibu, aliyekuwa amejificha nyuma ya watu, akajitokeza na mafuta ya baiskeli mikononi, akasema msumeno ulikuwa wake na kiwanja namba tano kilikuwa chake, na kama kuna wa kutukanwa watukanwe wawili. Bwanaheri akasogea akasimama upande wa pili wa mkewe.

Injinia aliwasubiri wamalize. Kisha akaeleza kwamba amezungumza na watu wa halmashauri tangu jana. Nyuma kabisa ya kiwanda kulikuwa na sakafu kubwa ya zege, uwanja wa kuanikia korosho, ulioachwa kwa sababu kuuvunja kwa mashine kungegharimu mno. Uko juu kuliko ardhi yote. Kama kaya nane ziko tayari kuvunja kwa nyundo zenyewe, viwanja nane vinatoka pale.

"Mbali na barabara," alinung'unika Swalehe.

"Mbali na maji," alisema Bwanaheri. "Nyundo ninayo."

*

Walivunja miezi miwili. Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu. Vipande vya zege walivifanya msingi, kitu ambacho watu wa safu nyingine hawakuwa nacho, na taratibu manung'uniko yakageuka mzaha. Waliijenga nyumba ya Bwanaheri vyumba vitatu vya tofali za udongo, bati walilopewa na serikali, na jiko la uani. Siku ya kuhama Habiba alibeba godoro la Warda kichwani mwenyewe, toka Mtawanya hadi darajani, akikataa kusaidiwa.

Masika ya mwaka uliofuata hayakuwa ya mzaha. Mvua ilinyesha siku kumi na moja. Mto Kingwiru uliacha njia yake, ukaenea bondeni, ukapanda. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili kijiji kizima kilikuwa juu ya daraja jipya, kikitazama maji yakipita chini, mekundu, yamebeba migomba na mlango wa nyumba ya mtu. Yalikuwa chini ya daraja kwa kiasi cha kimo cha mtoto wa miaka miwili. Ng'ambo, safu ile iliyofutwa ilikuwa imezama. Kigingi cha namba saba hakikuonekana kabisa.

Swalehe alikuja akasimama pembeni ya Mwanamina. Alikuwa na wake wawili na watoto sita, na wote walikuwa wamelala kwenye sakafu kavu.

"Mama Warda," alisema, bila kumtazama. "Lile neno langu la mkutanoni."

"Nilishalisahau."

"Mie sijalisahau." Akapangusa uso kwa kiganja. "Mungu akulipe. Sina la kukulipa mie."

Mwanamina alisema Alhamdulillah, akalirudia mara tatu, na wengine waliokuwa karibu wakaliitikia, mpaka likasambaa daraja zima, upande huu na upande ule.

*

Maji yalipopungua, Bwanaheri alikwenda shambani na Gharibu. Walirudi alasiri, wameibeba nguzo mabegani, wakaivusha darajani na kuipandisha hadi mbele ya nyumba. Ilikuwa na mkato mpya, aliokuwa ameukata Bwanaheri kutoka kwenye mtumbwi maji yalipofika kilele. Habiba alikuwa amekuja kuwatembelea na kilo ya sukari, amekaa barazani na mjukuu wa kaka yake mapajani.

Shimo lilikuwa limeshachimbwa upande wa kushoto wa mlango, kwa ajili ya kushikilia paa la baraza.

"Mama Warda, njoo ushike hapa," aliita Bwanaheri.

Mwanamina alikuja, akaikumbatia nguzo isimame wima, shavu limegusa ile mikato ya miaka yote. Bwanaheri akapiga magoti, akashindilia udongo na vipande vya zege, polepole, akipima kwa jicho, akitoa, akirudisha.

"Safari hii," alisema kutoka kule chini, "nataka nione mwenyewe imezama kiasi gani."

"Ona, mume wangu."

Alimaliza, akainuka, akajipangusa magoti. Kisha akaingia ndani akatoka na kopo jipya la oili chafu na vipande viwili vya tambara. Mwanamina alilitazama kopo, na uso ukamwaka moto. Bwanaheri hakumkabidhi. Alimpa Habiba.

Habiba alilipokea. Alimpa Warda mtoto, akajifunga khanga kiunoni, akachuchumaa mbele ya nguzo ya baba yake, akaanza kulipaka shina, kwa uangalifu, pande zote. Mwanamina akachuchumaa kando yake, akachovya tambara la pili, wakapaka pamoja.